UMEME WA KUAMINIKA NI UPI? Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi

*KUTOKA OFISI YA KATIBU WA TAWI*
*Kwa wanachama wote. Tafadhali soma mpaka mwisho, na umsomee jirani asiye na simu ya intaneti.*



Kama tulivyoahidi, tunatuma hapa maneno yaliyotolewa na ofisi ya katibu kwenye mkutano wa Jumapili kuhusu umeme wa akiba wa zahanati. Tunayatuma kwa ajili ya waliokuwa shambani na safarini, na wale waliokaa nyuma ambako spika haikusikika. Hoja itapigiwa kura mkutano ujao, hivyo kila mmoja aje akiwa ameisoma.

*MANENO YENYEWE*

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wazee wetu, akina mama na vijana, tunawashukuru kwa kuja.

Diwani ameomba maoni ya tawi kabla hajaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Swali lake ni fupi: umeme wa gridi ukikatika, zahanati iwake kwa nini? Fedha iliyopo inatosha kununua kitu kimoja kikubwa, au viwili kwa kubanana. Chanjo zipo pale, na akina mama wanajifungua pale usiku. Kwa hiyo jambo hili si la kushangiliana kama timu za mpira.

Lakini kwenye grupu letu tumekuwa timu mbili. Upande mmoja unasema sola ni ya kuchajia simu na kuwasha balbu, ukitaka umeme wa kweli leta jenereta. Upande wa pili unasema mafuta ni mambo ya kizamani, dunia nzima inahamia kwenye jua. Kila upande una picha zake na video zake. Wengine wameanza kuitana majina, na hilo tunaomba liishe leo.

Sisi tumekaa na hoja hii kwa namna tulivyozoea kukaa na vitabu vya hesabu. Mtu akikuletea biashara mbili na kukuuliza ipi ya kuaminika, hutazami faida ya mwezi mzuri. Unauliza: mwezi mbaya unakuwaje? Umeme nao uulizwe hivyo hivyo. Kila chanzo kina siku yake ya kukosekana. Tunachotakiwa kujua ni kinakosekana kwa namna gani, kwa muda gani, na kama siku hiyo kuna kingine cha kushika nafasi yake.

*1. Tuanze na maji, maana tunayajua*

Maji ni nishati jadidifu. Hayachomwi, yanapita tu. Na nchi yetu imeyategemea kwa miaka mingi, hivyo tuna uzoefu wa kutosha wa uzuri wake na ubaya wake.

Mnaokumbuka mgao wa miaka ya mwanzo ya 1990, wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 mnajua tunachosema. Mvua ilipokosekana, bwawa la Mtera lilishuka, na Kidatu iliyo chini yake kwenye mto huo huo wa Ruaha Mkuu ikayumba nayo. Oktoba 2015 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba uzalishaji wa umeme wa maji nchini ulishuka mpaka karibu asilimia 20 ya uwezo wake, na mabwawa yakasimamishwa.

Halafu tazameni upande wa pili. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024, baada ya miezi ya mgao uliotutesa mwishoni mwa 2023. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, na wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Kutoka njaa mpaka shibe ya kumwaga, ndani ya msimu mmoja. Hiyo ndiyo tabia ya maji.

Bwawa la Nyerere ni kazi kubwa ya taifa na hatulibezi. Lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Bwawa lenyewe limejengwa kubeba zaidi ya meta za ujazo bilioni 30, na hiyo ni akiba ya kweli, kwa sababu maji ya masika yanaweza kungoja kiangazi. Lakini tunaomba mchukue ramani mtazame jambo moja. Nyerere iko Rufiji. Mtera iko Ruaha Mkuu, unaoingia Rufiji. Kidatu ni Ruaha Mkuu huo huo. Kihansi iko upande wa Kilombero, na Kilombero nayo inaingia Rufiji. Ukijumlisha uwezo wa vituo hivyo vinne unapata karibu megawati 2,580, na vyote vinakunywa kutoka bonde moja. Ni sawa na familia yenye watoto wanne walioajiriwa wote na tajiri mmoja. Siku tajiri akiyumba, hakuna wa kumkopesha mwenzake.

Tena maji hayapungui kwa mvua peke yake. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu miaka ya 1990, na matumizi ya maji huko juu, kwenye mashamba na mifugo ya Usangu, ni sehemu ya sababu. Kwa hiyo anayelinda chanzo cha maji analinda pia taa yako.

*2. Gesi na mafuta: yanawaka ukitaka, mradi uwe nayo*

Nguvu ya mafuta, gesi na makaa ya mawe ni kwamba hayangoji mawingu. Ukibonyeza, yanawaka, usiku au mchana. Na gesi yetu imetuokoa. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutoa umeme mwaka 2004. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500. Maji yalipogoma mwaka ule wa 2015, gesi ya Ubungo na Kinyerezi ndiyo iliyobeba mzigo. Mwenye kusema gesi haina maana kwa nchi hii hajui historia.

Lakini mtambo wa gesi nao ni mashine. Unahitaji matengenezo, na ukiwa kwenye matengenezo hauzalishi.  Na mkiangalia nje, mtaona mambo mawili ya kujifunza.

La kwanza ni Afrika Kusini. Wenzetu wale sehemu kubwa sana ya umeme wao ni makaa ya mawe, na makaa wanayachimba wenyewe nyumbani. Hawakungoja mvua wala jua. Hata hivyo, mwaka 2023 walikatiwa umeme kwa zamu kwa zaidi ya siku 300. Sababu kubwa ilikuwa vituo vikongwe vinavyoharibika mara kwa mara, na vipya vikubwa viwili, Medupi na Kusile, ambavyo vilichelewa na kupata ajali na hitilafu. Makaa yalikuwepo ardhini. Mashine ndizo zilizochoka.

La pili ni Texas, Marekani, jimbo lenye gesi na mafuta kuliko majimbo mengi. Februari 2021 ilikuja baridi kali. Nyumba mamilioni zikakaa gizani, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Siku zile za mwanzo watu wengi walilaumu mashine za upepo zilizoganda. Kweli ziliganda. Lakini uchunguzi wa mamlaka za umeme za nchi hiyo ulipotoka, zaidi ya nusu ya mitambo iliyozimika bila kupangwa ilikuwa ya gesi. Visima viliganda, mabomba yakaishiwa nguvu, na baadhi ya mitambo ya kusukuma gesi ilikuwa yenyewe inategemea umeme uliokatwa. Yaani gesi ilingoja umeme, na umeme ukangoja gesi.

Mafuta yana jambo la tatu, nalo tunalijua wenyewe. Nchi yetu haichimbi mafuta. Kila lita inanunuliwa nje kwa dola. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, kuna vituo vilivyokosa mafuta kabisa na watu wakapanga foleni na madumu. Siku kama ile jenereta ni zima, fundi yupo, swichi ipo, lakini tangi ni tupu. Jenereta haliogopi wingu, ila linaogopa bei.

Na hatutaacha kusema kwamba mafuta ya dharura yana gharama ya kisiasa pia. Mgao wa 2006 ulizaa haraka ya kutafuta mitambo ya kukodi, haraka ikazaa mkataba wa Richmond, na mkataba ule ukaishia kwa Waziri Mkuu wa wakati ule kujiuzulu Februari 2008. Hatuurudii ili kumsema mtu. Tunaurudia kwa sababu ni somo la kihesabu: anayenunua usiku wa giza hununua kwa bei ya muuzaji.

*3. Jua na upepo: havina bei, lakini vina ratiba*

Sasa tuje kwenye jua. Wanaosema jua haliwezi kutegemewa peke yake wana hoja. Saa moja jioni jua limezama, na saa hiyo ndiyo kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi. Sola ya megawati 50 haitoi megawati 50 saa zote. Ukijumlisha mchana na usiku, mawingu na masika, kwa mwaka mzima inatoa wastani wa chini ya theluthi moja, mara nyingi karibu na sehemu moja ya tano ya kile kilichoandikwa kwenye kibao. Kwa hiyo mtu akija na mradi wa sola, kama ule wa Kishapu mkoani Shinyanga uliopangwa kufika megawati 150, msiulinganishe kibao kwa kibao na mtambo wa gesi. Muulizeni: unatoa uniti ngapi kwa mwaka, na saa ngapi za siku?

Lakini jua lina sifa moja ambayo wahasibu tunaipenda: linakosekana kwa ratiba. Tunajua litazama, tunajua litachomoza. Masika tunaijua. Kitu kinachokosekana kwa ratiba unaweza kukiwekea akiba. Mwenye mshahara wa tarehe 25 anajipanga, hata kama ni mdogo. Kinachoua nyumba ni mshahara usiojulikana utaingia lini.

Upepo nao una mambo yake. Mufindi, mkoani Iringa, kuna mradi mdogo wa Mwenga wa umeme wa maji, karibu megawati 4, unaohudumia vijiji na kuuza kwenye gridi. Wenye mradi wakaongeza mashine za upepo za megawati 2.4. Sababu yake ni nzuri: kiangazi mto ukipungua, huko upepo unaongezeka. Vyanzo viwili dhaifu, lakini haviumwi siku moja. Wakikaa pamoja wanakuwa na nguvu kuliko kila mmoja alivyo peke yake.

Kenya wamekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1981 wanazalisha umeme wa jotoardhi Olkaria, karibu na Naivasha. Mvuke wa ardhini hauzami jioni wala haukauki kiangazi, na sasa unawapa zaidi ya theluthi ya umeme wao. Nao ni nishati jadidifu. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kisichochomwa kinayumba. Sisi nasi tuna maeneo ya mvuke, mfano Ngozi huko Mbeya, na tungependa kusikia kasi zaidi upande huo.

*4. Waya, ambao hakuna anayeupigia debe*

Ndugu wanachama, tunafika mahali ambapo timu zote mbili zimenyamaza. Mara nyingi umeme unapokatika, chanzo kipo, kinachokosekana ni njia ya kuufikisha.

Unguja wanalijua hili kuliko sisi. Kisiwa kile kinapata umeme kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Desemba 2009 njia ile ikaharibika, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Muda wote ule Bara umeme ulikuwepo. Haikujalisha ulitoka kwenye maji au gesi. Hoteli zikaunguruma kwa majenereta, na mwenye duka dogo la barafu akafunga.

Kenya walijenga mashine 365 za upepo huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, jumla megawati 310. Mashine zilikamilika mwaka 2017. Waya wa zaidi ya kilometa 400 wa kuuleta umeme ule Suswa ukakamilika mwaka 2018. Kwa zaidi ya mwaka upepo ulivuma bure, na wananchi wakalipishwa fidia ya ucheleweshaji. Kisha Agosti 2023 nchi nzima ikaingia gizani. Shirika la umeme likasema upepo wa Turkana ndio uliotoka ghafla kwenye gridi. Wenye upepo wakasema hapana, gridi yenyewe ilizidisha msongo na mashine zikajizima kujilinda. Mwananchi gizani hakujali nani mkweli. Sisi tunachokiona ni kwamba gridi yenye mzigo mkubwa kwenye njia moja ni dhaifu, chanzo kiwe chochote.

Hapa kwetu pia, Aprili 2024, wakati maji yamejaa na umeme umezidi, hitilafu ya gridi ilizima sehemu kubwa ya nchi. Umeme wa kumwaga, na giza juu yake. Kwa hiyo anayeuliza kama jua ni bora kuliko gesi bila kuuliza habari za waya, transfoma na nguzo, ameuliza nusu ya swali.

*5. Sasa turudi zahanati, tupige hesabu*

Tumechukua mambo ambayo hayawezi kungoja. Chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinaharibika, na baadhi zikiganda zinaharibika pia. Chumba cha kujifungulia kinahitaji mwanga, mashine ya kunyonya, na pale penye mashine ya oksijeni iweze kuwaka.

Huu ni mfano wa hesabu, bei halisi tutaipata kwa nukuu tatu za wauzaji.

Tuseme taa 10 za wati 10, kwa saa 12: uniti 1.2. Mashine ya oksijeni ya wati 350, kwa saa 6: uniti 2.1. Jumla uniti 3.3 kwa usiku mmoja. Tukitaka kuvuka usiku wa pili baada ya siku ya wingu zito, tunahitaji uniti 6.6. Betri haimalizwi mpaka chini. Ya asidi tukiitumia nusu tu ili isife mapema, lazima iwe na ukubwa wa kama uniti 13. Ya lithiamu tukiitumia asilimia 80, uniti 8 na kidogo zinatosha. Mtu akija na betri ya uniti 2 akisema "hii inatosha zahanati", tumshukuru na tumsindikize.

Jokofu la chanjo tusiliweke kwenye hesabu hiyo. Yapo majokofu yanayoendeshwa na jua moja kwa moja bila betri. Mchana yanatengeneza barafu ndani ya kuta zake, na barafu ile ndiyo inayotunza baridi usiku na siku za wingu. Hakuna betri ya kuibiwa wala kufa.

Upande wa jenereta: tuseme linakunywa lita moja na nusu kwa saa, likawaka saa 12 usiku mmoja. Hizo ni lita 18. Kwa shilingi 3,000 ni shilingi 54,000 kwa usiku. Umeme ukikatika usiku 5 kwa mwezi ni shilingi 270,000, na kwa mwaka shilingi 3,240,000. Nani atazitoa? Kwenye barua ya maombi kuna bei ya jenereta. Mafuta hayamo.

Lakini timu ya jua nayo isishangilie. Kwenye barua yao kuna bei ya paneli, na fungu la kubadilisha betri halimo. Jua ni bure, betri si bure. Tuseme betri ni shilingi milioni 4 na dhamana yake ni miaka 8. Uchakavu wake ni shilingi 500,000 kwa mwaka, yaani karibu shilingi 42,000 kila mwezi, ziwekwe pembeni tangu mwezi wa kwanza. Wazee waliosema wameona sola za taasisi zikifa baada ya miaka miwili na paneli kubaki pambo la paa wamesema kweli. Jua halikuzima pale. Kilichozima ni mfuko ambao haukufunguliwa.

*6. Mapendekezo ya Kamati ya Utendaji*

Tunaleta mapendekezo haya kwenu, myakubali, myarekebishe au myakatae:

1. Kwanza kabisa, jokofu la chanjo la jua lisilotumia betri. Hili lisibishaniwe na lisisubiri mengine.

2. Pili, sola na betri kwa chumba cha kujifungulia, ipimwe kwa usiku mbili bila jua, na waya wake utengwe. Pasi, hita na birika za ofisini zisichomekwe humo.

3. Tatu, jenereta dogo badala ya lile kubwa lililoombwa. Kazi yake ni siku ya tatu ya wingu na siku betri imeharibika. Liwashwe kila wiki na liandikwe kwenye daftari. Lita 20 zikae dumuni, zizungushwe zisichache. Kwa ukubwa huo fedha iliyopo inaweza kubeba vyote vitatu, kwa kubanana.

4. Nne, ifunguliwe akaunti ya matengenezo yenye watia saini watatu, mmoja wao mama kutoka kamati ya zahanati. Salio lisomwe hadharani kila robo mwaka, kama tunavyosoma ada za tawi.

5. Tano, diwani apeleke orodha ya nguzo zilizooza, matawi yanayogusa waya na transfoma iliyozidiwa. Vijana wa tawi wamejitolea kutembea mitaa yote na kuandika. Hili halihitaji senti.

*7. Neno kwa wanachama*

Kuna watakaosema kamati imekaa katikati ili kila mtu afurahi. Hapana. Tumesema jua litangulie, na tumeeleza sababu: kwa matumizi madogo yasiyoweza kungoja, kinachokosekana kwa ratiba kinapangika kuliko kinachokosekana kwa bei. Ingekuwa tunazungumza kiwanda cha saruji au treni ya umeme, hesabu ingekuwa nyingine, na gesi na mabwawa yangekaa mbele. Anayetaka jibu moja la kila mahali hajapiga hesabu ya mahali popote.

Tunawaomba pia jambo la siasa. Msimu wa kampeni ukifika, asiwepo mwanachama wa tawi hili atakayepanda jukwaani na kusema umeme hautakatika tena, eti kwa sababu tuna bwawa, au tuna gesi, au tutaweka sola. Wananchi wamesikia ahadi hiyo kila baada ya mgao. Tuwaambie kinachowezekana: ukikatika, chanjo hazitaharibika, na mama hatajifungua kwa tochi ya simu. Ahadi ndogo inayotimia inajenga chama kuliko kubwa inayosahaulika.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa umeme tunaongeza: isiyotunzwa inaoza. Betri inakufa, petroli inachacha, nguzo inaliwa na mchwa. Tukipitisha hoja hii, tunakuwa tumejipa kazi ya kila mwezi, na tunaomba apige kura ya ndiyo yule tu aliye tayari kuuliza salio la akaunti ile mwaka wa tatu, wakati vitu si vipya tena na hakuna wa kupiga picha navyo.



*MAELEKEZO*
✅ Maoni yatumwe kwa ofisi ya katibu kabla ya mkutano ujao, kwa ujumbe binafsi au kupitia mjumbe wako. Tusibishane usiku kwenye grupu.
✅ Mwenye ujuzi wa sola, betri au jenereta ajitokeze aingie kwenye kamati ndogo ya kupitia nukuu. Mwenye duka la vifaa hivyo anakaribishwa kutoa ushauri, ila hatakaa kwenye kamati.
✅ Kura itapigwa kwa mikono, kipengele kwa kipengele.

*Katibu wa Tawi*
*Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji*